Faili la Duara Namba Saba

Kitu cha kwanza nilichokiona ni alama. Kila faili linalotoka chini ya mlima huja na picha ndogo pembeni ya jina lake, jiwe la kijivu, dogo kama punje ya mtama. Alhamisi ile, pembeni ya faili la duara namba saba, hapakuwa na jiwe. Palikuwa na vitu viwili vya waridi vilivyopeana mgongo, kama majani ya maharage. Mapafu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ofisi ya umoja wa wachimbaji, kikombe cha uji mkononi, na nje watu walikuwa wananisubiri. Ilikuwa siku ya sita tangu shimo tuliitalo duara namba saba liporomoke likiwa na watu watatu ndani: Masunga, Ndaki na Luhende. Matanga yalishaanuliwa bila maiti. Kilichobaki ni utomvu.

Lori la utomvu lilikuwa limeshafika tangu alfajiri. Utomvu huingia shimoni kama uji wa moto, unajaza kila upenyo, na kwa nusu saa unakuwa mgumu kuliko jiwe lenyewe. Mlima unapata tena uti wa mgongo. Chochote kilichokuwa ndani kinabaki humo. Lakini sheria inataka faili moja la mwisho kabla bomba halijafunguliwa. Mtu wa kishikwambi analifungua, anasoma neno linalotokea, analitamka mbele ya watu. Katika Mlima Ilendeja mtu wa kishikwambi ni mimi, Minza, niliyeishia darasa la tano. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina mkono mtulivu na siongei hovyo. Ukweli ni kwamba siongei kabisa.

Nikaligusa faili.

Programu ya Mwamba, inayosoma mafaili ya mlima, hufunguka kwa weusi. Hii ilifunguka kwa weupe, weupe wa kliniki. Maandishi yakatokea, nikayasoma polepole, neno kwa neno, kama ninavyosoma vyote.

"Wagonjwa wanaosikika: wawili. Mmoja anajulikana: Masunga Nkuba, kadi namba kumi na nne. Pumzi tisa kwa dakika. Je, mgonjwa amekunywa dawa leo?"

Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Uji ulinimwagikia mapajani. Ulikuwa wa moto, najua ulikuwa wa moto kwa sababu ngozi ilibabuka, lakini wakati ule sikusikia kitu.

*

Mwenyekiti Bundala aliingia bila kubisha. Ni mtu mrefu, sauti yake imekwaruzwa na vumbi la miaka thelathini ya kushuka chini.

"Binti, vipi? Watu wanaungua jua huko nje."

Nikamgeuzia kishikwambi. Alisoma. Akasoma tena. Akavuta kiti lakini hakukikalia.

"Hii ni nini?"

"Ni Pumzi, Mwenyekiti. Ile programu ya kliniki."

"Inafanya nini kwenye faili la mlima?"

Nilizima kishikwambi, nikahesabu hadi ishirini, nikawasha. Mapafu yalikuwa palepale. Nikafungua faili la duara namba tisa, lililo jirani, ambalo halijashukwa na mtu tangu Ijumaa ya maporomoko. Nalo likafunguka kwa weupe. "Wagonjwa wanaosikika: hakuna." Nikafungua la namba nne, ambako walinzi wawili walikuwa wameshuka asubuhi ile kukagua matimba, magogo yanayoshikilia paa la shimo. "Wagonjwa wanaosikika: wawili."

Mwenyekiti aliangalia kila nilichofanya.

"Mwite Nesi," akasema.

Nesi Perpetua alikuja na glavu mkononi. Yeye ndiye mwenye kliniki ya kifua, kila Jumatano, kwa wachimbaji wanaokohoa. Kishikwambi cha kliniki kilikufa mwezi uliopita, na tangu hapo anaazima hiki cha ofisi. Huwa namsaidia. Naweka sikio la udongo mgongoni mwa mgonjwa, sauti inarekodiwa, Pumzi inasema mapafu yana hali gani na inakumbuka ni ya nani. Kifua kina sauti yake kama uso ulivyo na sura yake. Mgonjwa akirudi hata bila kadi, Pumzi inamtambua.

Masikio ya mlimani ni ya udongo uleule. Yamepandwa ndani ya mwamba, moja kila hatua kumi, na hayana akili yoyote. Yanasikia tu. Akili iko kwenye programu inayofungua faili. Mwalimu aliyetuletea Mwamba alitueleza hivi: ni kama mwanamke anayechambua mchele. Yeye anatafuta mlio wa jiwe linalopasuka, basi kila kingine ni chuya, anakitupa. Nyundo, nyayo, kikohozi, mtu kuitana na mwenzake. Akiviacha vitamchanganya na ufa hatauona mapema. Siku ile tulimpigia makofi, kwa sababu Mwamba ilikuwa imeokoa watu wengi milima mingine. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza, je, siku tukitaka kujua habari za chuya?

"Mtakatifu," alisema Nesi Perpetua aliposoma. Akakaa kwenye kile kiti ambacho Mwenyekiti hakukikalia. "Minza, hii imeanza lini?"

"Leo," nikasema.

"Nani amebadilisha?"

Hilo nililijibu kweli. Nilimwambia ni mimi. Jumatano ya kabla ya maporomoko, foleni ikiwa ndefu na watu wanakohoa mgongoni kwangu, Pumzi iliuliza swali: Fungua sauti zote kwa programu hii? Kulikuwa na kitufe cha kijivu na kitufe cha kijani. Maandishi marefu siyasomi mbele za watu. Naangalia rangi. Nikabonyeza cha kijani. Cha kijivu kilisema "mara moja". Cha kijani kilisema "daima".

Nilitegemea kufokewa. Hakuna aliyefoka.

*

Mwenyekiti alifunga mlango. Nje Fundi Shirima, mwenye lori la utomvu, alikuwa anapiga honi fupifupi za utani.

"Sikilizeni wote wawili," Mwenyekiti alisema, na sauti ilikuwa ya chini. "Jana jioni wakaguzi wa wilaya walisoma ufa kwa chombo chao. Unashuka. Wanasema utomvu usipoingia leo, mteremko unaweza kuja juu ya kambi. Kuna makarasha ya kusaga mawe pale, kuna wanawake, kuna watoto wamelala kwenye maturubai. Watu mia tatu. Na kumfikia mtu ndani ya namba saba lazima nishushe watu kumi na wawili wachimbe kwa mikono, maana mashine ikinguruma tu, mlima unatumaliza. Watu kumi na wawili, Nesi. Kwa ajili ya programu ya kikohozi."

"Imesema jina lake," alisema Nesi.

"Imezoea kusikia kifua cha mtu kikiwa umbali wa sentimita mbili. Leo inasikiliza kupitia mlima. Maji yanaweza kudondoka mara tisa kwa dakika."

"Maji hayana kadi namba kumi na nne."

"Na kama imekosea?"

Nesi akazikunja glavu zake. Hata yeye hakujua.

Mwenyekiti akanigeukia. Hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. "Binti, unaweza kuirudisha ifungue kwa Mwamba?"

"Naweza."

"Inachukua muda gani?"

"Kubonyeza mara mbili."

"Na Mwamba itasema nini?"

Nilijua itasema nini. "Kimya."

"Na sheria inatambua Mwamba peke yake."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa cheo chake. "Mimi siwezi kukuambia ubonyeze. Na siwezi kukuambia usibonyeze."

Wote wawili wakanitazama. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, na jasho lake lilikuwa linaacha alama. Nikibonyeza, kambi inapona, na ndani ya namba saba utomvu wa moto unamfikia mtu anayepumua. Nisipobonyeza, watu kumi na wawili wanaingia chini ya mlima unaolia kwa sababu ya kitufe cha kijani. Nilifikiria kifua cha Masunga, kovu lake chini ya bega la kushoto, ninapoweka sikio. Kila Jumatano akishtuka kwa baridi ya udongo, pumzi zake hukimbia, na Nesi humwambia atulie kwanza tuanze upya.

"Tumshtue," nikasema.

"Nini?"

"Tugonge, Mwenyekiti. Hodi. Kama kuna mtu, atashtuka. Pumzi zitapanda. Maji hayashtuki."

Hapa kwetu hakuna anayeshuka bila kugonga timba la kwanza mara tatu. Ni hodi kwa mlima. Hata wageni wanaotucheka hugonga. Mtu akiwa chini akaisikia, anajua mwenzake anakuja.

*

Makarasha yalizimwa. Sijawahi kuisikia kambi ikiwa kimya vile, hata siku ya msiba. Watu walikusanyika mbali kidogo, na Fundi Shirima akaegemea lori lake na kijiti mdomoni.

"Eti kishikwambi kimesomea udaktari?" aliuliza. "Basi kinipime na mimi presha, nimekesha barabarani."

"Shirima, funga mdomo," alisema Mwenyekiti.

"Nimefunga, Mwenyekiti. Ila utomvu ukiganda kwenye tangi mtanunua na tangi."

Mama Luhende alikuwa mbele ya wengine wote, kanga nyeusi bado iko kichwani. Alinitazama mimi, siyo Mwenyekiti. Niliinamisha macho.

Bomba la hewa la namba saba lilikuwa limebanwa chini na kifusi, lakini chuma chake kinakwenda hadi ndani. Mwenyekiti alichukua nyundo. Nikarekodi dakika moja ya kimya kwanza. Pumzi tisa kwa dakika kwa Masunga, nane kwa yule mwingine asiyejulikana. Ndaki na Luhende hawakuwahi kuja kliniki, Pumzi haikuwa na kadi zao.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikarekodi tena. Faili likaja na mapafu yake. Kidole kikagusa pasipo. Nikagusa tena.

Masunga Nkuba, pumzi kumi na tisa kwa dakika. Asiyejulikana, kumi na saba.

"Subiri," alisema Mwenyekiti. "Tusiwe na haraka. Subiri itulie."

Tulisubiri dakika kumi. Pumzi zikashuka, kumi na tatu, kumi na moja, kumi. Akagonga tena. Zikaruka hadi ishirini na moja.

Nyundo ilimtoka mkononi. Mwenyekiti Bundala, ambaye alizika ndugu wawili kwenye mlima ule bila mtu kumwona akilia, alichuchumaa palepale akaweka kiganja kwenye bomba, kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Fundi Shirima alitoa kijiti mdomoni. Alikwenda kwenye lori, akafungua koki ya chini, na utomvu wote ukamwagika korongoni ukatoa moshi. Hakuna aliyemwagiza.

"Ni wangapi?" Mama Luhende aliuliza.

Nesi Perpetua akasema, "Wawili, mama. Mmoja ni Masunga."

"Na wa pili?"

"Hatujui."

Mama Luhende alikuja akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kuponda mawe. "Basi anaweza kuwa wangu," akasema. Na hakuniachia tena.

*

Kambi ilihamishiwa ng'ambo ya korongo. Wapishi walibeba sufuria zikiwa na maharage yanayochemka. Mwenyekiti aliomba watu kumi na wawili, wakajitokeza ishirini, akawakataa wenye watoto wachanga. Wa kwanza kuingia alikuwa yeye mwenyewe. Alipofika kwenye timba la kwanza aligonga mara tatu, na mimi nikiwa juu na kishikwambi nikaona pumzi zikipanda.

Walianza saa tatu asubuhi. Kila nusu saa nilifungua faili mara mbili. Mara moja kwa Mwamba, kuwaambia wachimbaji ufa umefika wapi. Mara moja kwa Pumzi, kuwaambia waendelee. Faili lilelile. Upande mmoja lilisema mlima utaanguka, upande mwingine lilisema kuna watu. Na mimi, ambaye kanisani siwezi hata kutoa tangazo, nilikuwa napiga kelele kwenye mdomo wa shimo: "Kumi na mbili! Kumi! Bado wapo!"

Mama Luhende alikaa pembeni yangu. Aliniambia mwanawe hapendi chumvi. Aliniambia alipokuwa mdogo alilala na viatu usiku kucha baada ya kununuliwa, wakashindwa kumvua. Alicheka. Kila nilipofungua faili aliuliza, "Huyo wa pili anaendeleaje?" nami nikamtajia namba, naye akaitikia "Haya," kama mtu anayepokea salamu.

Alfajiri duara namba tisa liliporomoka. Lilikuwa tupu. Lilikuwa la Mwenyekiti Bundala, mali yake yote ya maisha. Alitoka, akaliangalia lile vumbi kidogo, akarudi ndani.

Saa moja asubuhi wakamtoa Masunga. Alikuwa na rangi ya jivu, macho yamefungwa kitambaa yasipigwe na jua. Nesi alimwekea maji kwenye midomo kwa pamba.

Mama Luhende akasimama. Kamba ikavutwa tena. Kichwa kikatokea, kina vumbi jeupe, kina ndevu. Kilikuwa kichwa cha Ndaki.

Hakupiga ukelele. Aliniachia mkono tu. Ulikuwa umeshikwa saa ishirini na mbili, na hewa ikanipiga kiganjani kama maji baridi.

Masunga alianza kusema, polepole, bila kuulizwa. "Tulikuwa tunagonga. Kila saa tunagonga hodi. Hamkusikia?" Mwenyekiti alitazama chini. Mwamba ilikuwa imezisikia hodi zao zote, ikazichambua, ikazitupa. "Luhende ndiye aliyekuwa anagonga zaidi, ndiye alikuwa na saa inayowaka. Jumanne mchana alisema apumzike kidogo. Saa nane. Niliiona saa yake. Hakugonga tena."

Sikumaliza shule, lakini hesabu ya saa naijua. Kuchimba kulichukua saa ishirini na mbili. Kama wangeanza Jumatatu saa mbili asubuhi, Jumanne saa kumi na mbili asubuhi wangefika. Ingebaki nafasi ya kunywa chai.

Walimtoa Luhende wa mwisho, amefungwa kwenye turubai. Mama yake alimfunua uso, akamfuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamfunika. Kisha akageuka, akaja pale nilipokuwa nimekaa. Watu walimpisha. Nilidhani amejua. Alipiga magoti mbele yangu, mtu mzima kama yule, akaishika mikono yangu yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Nimepata wa kuzika. Bila wewe wangemmwagia ile kitu. Wewe ndiye uliyesikia."

Watu wakaitikia. Mtu mmoja alianza kunishukuru kwa jina. Kishikwambi kilikuwa mapajani kwangu, juu ya ule mbabuko wa uji. Kwenye orodha ya mafaili, chini kabisa, lilikuwepo lile la Jumatatu, siku ya tatu, siku niliyowasomea watu neno moja na akina mama wakaanza kulia. Nalo lina mapafu pembeni. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Hakuna ambaye angeniuliza.

"Inuka, mama," nikasema. "Usinipigie magoti."

"Acha nikushukuru."

"Mama, alama hii sikuiona jana kwa mara ya kwanza." Sauti ilinitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu, wasikie na waliosimama nyuma. "Niliiona Jumatatu. Faili lilifunguka hivihivi, likasema wagonjwa watatu. Nikajua nimeharibu kitu cha ofisi, nikaogopa kuulizwa mbele ya watu. Nikalifunga, nikalifungua kwa Mwamba mara moja, nikatoka nje nikawasomea 'kimya'. Walikuwa watatu, mama. Luhende alikuwa anapumua."